Hongera mafundi wa postmarketOS
Simu nyingi hutupwa zikiwa nzima. Kioo hakijapasuka, betri inabadilishika, ila mtengenezaji ameacha kuziletea masasisho, nazo zinabaki na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya zamani yenye mianya ya usalama. Mafundi wa postmarketOS, mradi wa mfumo endeshi wa Linux kwa simu uliotangazwa 2017 kwa lengo la simu kudumu miaka 10, wameikataa hali hiyo. Wanaandika viendeshi vya kioo, spika na modemu, mara nyingi bila nyaraka za kiwanda, na kuvipeleka kwenye kerneli kuu ya Linux ili vitunzwe na wengi. Ndiyo maana OnePlus 6 ya 2018 inaweza kuendesha kerneli ya leo. Na wengi wao wanajitolea! Mimi naiheshimu subira hiyo kuliko uzinduzi wowote wa simu mpya.