Maji ya Sabili: Kuuhakiki Mwongozo Usio na Mtunzi Mmoja

Wahakiki wetu wamezoea kushika njia moja: kwanza mtunzi na maisha yake, kisha fani, kisha maudhui. Njia hiyo imetufikisha mbali katika tenzi na riwaya. Katika makala haya nataka kuijaribu juu ya maandishi ya namna nyingine kabisa, nayo ni mwongozo wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Msomaji asiyejua kompyuta asiogope. Hata mimi skuli haikunifundisha mambo haya, nimejifundisha ukubwani. Na ninachokichungua hapa ni maandishi, si mashine.

Tukianza na mtunzi, papo hapo tunakwama. Lugha yenyewe iliasisiwa na Mholanzi, Guido van Rossum, alipokuwa akifanya kazi Amsterdam, na toleo la kwanza kwa umma lilitoka mwaka 1991. Yeye ndiye aliyeandika somo la mwanzo la wanagenzi. Lakini ukilifungua somo hilo leo, kwa kusoma tu huwezi kujua sentensi ipi ni yake na ipi ni ya mtu wa kujitolea aliyepita, akaona kosa, akalisahihisha, akaenda zake. Wako waliobadilisha aya nzima, na wako waliotia mkato mmoja tu. Mwaka 2007 Georg Brandl aliuhamisha mwongozo kutoka mtindo mzito wa uchapaji uitwao LaTeX na kuuweka katika mtindo mwepesi, ambao mtu yeyote anaweza kuuandika bila ya kujifunza ufundi wa wachapaji. Chombo alichokiunda kwa kazi hiyo, Sphinx, kilitolewa kwa watu wote mwaka 2008.

Visiwani kwetu tunalo jina la kitu cha namna hii. Mtu huchimba kisima, akakiweka wakfu, na maji yakawa ya sabili: apitaye hunywa bila ya kuuliza ni ya nani. Lakini kila mwenye akili anajua kwamba kisima hakiishi kwa yule aliyekichimba. Huishi kwa wale wanaokizibua, wanaobadilisha kamba iliyooza na ndoo iliyotoboka, ambao majina yao hayaandikwi ukutani. Basi katika maandishi haya swali la mtunzi hapana budi ligeuke, liwe swali la mtunzaji.

Tuje kwenye fani. Jambo la kwanza linalomgusa mfasiri ni hali ya vitenzi. Katika Python, kila kipande cha programu kinaweza kubeba maelezo mafupi ndani yake, na mtumiaji akiomba msaada maelezo hayo ndiyo yanayomtokea. Waraka wa mapendekezo nambari 257, ulioandikwa mwaka 2001 na David Goodger pamoja na van Rossum, unaagiza kwamba maelezo hayo yaanze kwa kuamrisha, si kwa kueleza. Yaseme "rudisha jumla", yasiseme "inarudisha jumla". Kwa Kiingereza agizo hilo lina faida yake: sentensi inakuwa fupi, na haina haja ya kumtaja mtenda. Kwa Kiswahili, nathubutu kusema, ni kosa. Ukimwambia msomaji wetu "rudisha", atadhani ndiye anayeamrishwa, na atajiuliza arudishe nini. Sisi tunayo hali iliyo bora kwa kazi hiyo, ile ya "hu-": hurudisha, huhesabu, hufuta. Ndiyo hali ya methali zetu. Haina nafsi wala haina wakati, inasema tu tabia ya kitu. Mfasiri atakayeufuata waraka ule neno kwa neno atakuwa mtiifu kwa wakubwa na mkosefu kwa lugha.

Jambo la pili ni ukweli wa mifano. Tim Peters aliandika chombo kiitwacho doctest, kilichoingia katika Python 2.1 mwaka 2001. Kazi yake ni kuyasoma maandishi, kuuokota kila mfano, kuutekeleza, na kulilinganisha jibu lililoandikwa na jibu lililopatikana. Yakitofautiana, hulalamika. Laiti kamusi zetu na vitabu vyetu vya sarufi vingekuwa na mlinzi wa namna hiyo! Hata hivyo tusimpe mlinzi huyu sifa zisizo zake. Anajua kama jibu ni sahihi; hajui kama sentensi iliyotangulia mfano inaeleweka. Hiyo bado ni kazi ya binadamu mwenye sikio.

Nitatoa mfano mmoja. Katika somo la wanagenzi, mahali panapofundishwa namna ya kurudia tendo, mmepangwa maneno matatu ya Kiingereza ili kompyuta ihesabu herufi zake: paka, dirisha, na kitenzi cha nadra chenye maana ya kumtupa mtu nje kupitia dirishani. Majibu ni 3, 6 na 12. Msomaji anaona kisa kizima katika maneno matatu, na anaona hesabu ikiongezeka maradufu. Sasa fasiri. "Paka" ni herufi nne, "dirisha" ni saba. Majibu yameharibika, na doctest haitakusamehe. Nilikaa na mfano huo siku kadhaa, kama ninavyokaa na kina kilichogoma, hata nikapata: "mbu", "mlango", "wakamtupilia". Hesabu, msomaji: 3, 6, 12. Kisa kimebaki, na neno la mwisho limebeba watenda, mtendwa na tendo lenyewe, jambo ambalo Kiingereza hakiliwezi kwa neno moja. Sisi watunzi tungehesabu mizani, na mizani ya "wakamtupilia" ni saba, si kumi na mbili. Mashine ina hesabu yake na sikio lina yake. Mfasiri hana budi kuzitii zote mbili.

Ila nina lawama, nayo ni juu ya mzaha. Jina la Python halikutokana na chatu bali na kundi la wachekeshaji wa televisheni ya Uingereza, Monty Python, na somo lenyewe linawahimiza waandishi kuyataja maigizo yao. Kwa hiyo katika mifano mingi utakutana na nyama ya kopo na mayai vikiwa majina ya vitu. Aliyekulia mbele ya televisheni hiyo hucheka. Kijana wa Makunduchi hujiuliza nyama hiyo inahusu nini, na akiambiwa kwamba ni ya nguruwe, mshangao wake huzidi. Naielewa hoja ya upande wa pili: mtu wa kujitolea halipwi, na mzaha ndio ujira wake. Lakini ujira huo unalipwa na msomaji mgeni, na mwongozo uliofunguliwa kwa ulimwengu mzima haupaswi kuwa na chumba cha wenyewe kwa wenyewe.

Naam, nimewalaumu wengine. Sasa nijilaumu mwenyewe. Mwaka 2007 nilizifasiri kurasa za mwanzo za somo hilo kwa ajili ya mpwa wangu, nikazipiga chapa, nikazifunga kwa uzi, nikajiona nimemaliza. Nakala zikapita mikono. Disemba 2008 likatoka toleo la 3.0, ambalo, pamoja na mengine, lilibadilisha namna ya kuiambia kompyuta ichapishe neno: sasa lazima neno litiwe ndani ya mabano. Sikuwa na habari. Miaka ikapita, kisha binti mmoja akanijia na nakala iliyochakaa, akaniambia kwa adabu: "Shikamoo, mjomba. Nimeandika kama ulivyoandika wewe, mstari wa kwanza tu, na kompyuta inasema nimekosea." Alikuwa amekaa nao siku mbili, akidhani upungufu ni wake. Hakuna uhakiki uliowahi kuniuma kama ule. Kiswahili changu kilikuwa fasaha, na kilikuwa uongo.

Ndipo nilipofahamu maudhui ya maandishi haya, ambayo hayamo katika sura yoyote: neno la kweli likiachwa bila ya mtunzaji hugeuka uongo bila ya mtu yeyote kuligusa. Wenzetu wameliwekea jambo hili utaratibu. Waraka nambari 545, wa mwaka 2017, ulizipa tafsiri za mwongozo nafasi rasmi, na Kifaransa, Kijapani na Kikorea vikawa miongoni mwa lugha za mwanzo kuingia. Katika mafaili ya wafasiri, kila sentensi ya asili hukaa ubavuni mwa tafsiri yake. Ile ya asili ikibadilika, tafsiri hutiwa alama ya shaka mpaka mtu aipitie tena. Nimetunga mashairi tangu ujana wangu, na sijapata kuona alama ya uandishi yenye uaminifu kuliko hiyo.

Kwa upande wetu, mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya heshima, na ilithibitisha kwamba lugha hii haishindwi na kompyuta. Lakini sherehe za uzinduzi tumezizoea kuliko kazi ya siku ya pili. Tunaweza kufasiri, tena tunaweza kufasiri vizuri. Swali ni nani atakayerudi mwakani kuitazama ile alama ya shaka.

Binti yule nilimpa mstari uliosahihishwa. Kisha tukakaa wawili, tukaanza kuzipitia kurasa zilizobaki, yeye akiijaribu mifano na mimi nikizitazama sentensi. Katika kurasa tisa za mwanzo tumekwishapata makosa kumi na moja, yote yangu.