Kitabu Hakina Mizani

Hapa Bunia dhahabu imetuzoesha kuthamini upesi: punje zinawekwa kwenye mizani, gramu zinasomwa, bei ya siku inatajwa, pesa zinahesabiwa. Kitabu cha zamani hakina mizani, na ndiyo maana namheshimu sana anayejua kukithamini.

Chukua *Ngando* ya Paul Lomami Tshibamba. Ilichapishwa Brussels mwaka 1948 na Georges A. Deny, mwaka uleule ilipopewa tuzo ya maonyesho ya kikoloni ya mji huo. Présence Africaine waliitoa tena mwaka 1982. Mwenye nakala husema tu kwamba anayo *Ngando*. Mthamini atauliza: ipi?

Hadithi yenyewe haigusi kwanza. Anafungua ukurasa wa jina, anaugeuza, kisha anakwenda nyuma kabisa, maana vitabu vya Kifaransa mara nyingi hutaja huko kiwanda kilichochapa na tarehe kazi ilipokwisha. Halafu anahesabu kurasa moja moja, kwa vidole vikavu. Asiye na subira huruka hatua hii, ilhali ukurasa mmoja ukikosekana bei inaporomoka. Ananusa ukungu. Anatafuta njia za mchwa na madoa ya kahawia. Anachungulia kingo, kwa sababu vitabu vingi vya Ubelgiji na Ufaransa vya enzi ile viliuzwa na jalada la karatasi, kurasa zikiwa bado zimeshikana, msomaji azikate mwenyewe kwa kisu. Sahihi ya mwandishi hupandisha bei. Jalada jipya gumu, hata likiwa kazi safi ya fundi, kwa kawaida huishusha.

Uchache peke yake hautoshi. Lazima awepo anayekitaka. *Things Fall Apart* ya Chinua Achebe ilianza na nakala 2,000 mwaka 1958, na leo ile iliyobaki na karatasi yake ya nje inaizidi mbali kwa bei ile iliyoipoteza. Wala mthamini hatosheki na bei aliyobandika muuzaji. Anatafuta iliyolipwa kweli mnadani, kwa nakala ya toleo hilohilo, yenye hali inayolingana.

Wewe mwenye sanduku la vitabu vya babu, uwe Bunia, Aru au Mahagi: usibandike utepe wa gundi, usitupe jalada lililochakaa, liinue sanduku kutoka sakafuni. Na usitaje bei kabla hujamwonyesha anayejua.