Hongera, Fundi wa Makopo

Ukifika kwa fundi redio Kariakoo, tazama rafu iliyo nyuma yake. Kopo la kahawa limejaa transista, kichupa cha dawa kina diodi, na trei ya mayai imegeuzwa nyumba ya rezista. Vyote vimefumuliwa kwenye mabodi ya televisheni na redio ambazo wenyewe walishazikatia tamaa.

Kazi hii inataka macho. Rezista husomwa kwa pete zake: kahawia, nyeusi, nyekundu, hiyo ni omu 1,000. Kapasita kubwa ya pawasaplai hutolewa chaji kwanza, kwani hupiga shoti hata waya ukiwa umechomolewa ukutani. Iliyovimba kichwa haiingii koponi. Fundi mwaminifu hupima kabla ya kuhifadhi, na hapo ndipo heshima yake ilipo. Chipu huviringishwa kwenye foili zisiuawe na umeme tuli. Na kwa kuwa hewa ya pwani hula miguu ya vipuri, makopo hufungwa vizuri.

Kinachonigusa zaidi ni kapasita ndogo za tantalamu. Madini yake hutoka kwenye koltani, ile inayochimbwa kwa mikono huko Kivu. Kuitupa iliyo nzima ni kulizika upya jasho la mchimbaji.

Wapo wanaochoma nyaya jalalani wapate shaba, na moshi wake ni sumu kwa watoto wa jirani. Ndugu msomaji, redio yako mbovu usiipeleke huko. Mpelekee fundi.