Mkono kwenye demani: jinsi ngalawa inavyotuliza mtikisiko

Ngalawa inayotoka Wesha, Pemba, kwenda kisiwa cha Misali wakati wa kusi hukutana na upepo wa vishindo. Kila kishindo hukilaza chombo. Kikijirudisha hupitiliza na kulalia upande wa pili. Foromali, mti unaobeba tanga, hupinda na kunyooka, na miti ya mrengu wa ubavuni nayo hunyumbuka, kwa kuwa imefungwa kwa kamba. Je, mtikisiko huu unatulizwa vipi?

Kinga ya kwanza haihitaji mtu. Upande unaolala, ubao wa mrengu huzama na maji huupinga. Kadiri unavyokwenda kasi ndivyo maji yanavyoupinga zaidi, na nishati ya mtikisiko hupotelea humo.

Kinga ya pili ni mrejesho, yaani kuhisi kinachotokea na kukijibu. Nahodha haifungi demani, kamba ya tanga; huishika mkononi. Kamba ikivuta ghafla, huilegeza ili tanga limwage upepo. Mvuto ukipungua, huikaza. Baharia naye hutoka juu ya mrengu upande wa joshi, upepo unakotoka, kuongeza uzito.

Hapo muda ndio kila kitu. Baharia akitoka chombo kinapoanza kulala, uzito wake hukizuia. Akichelewa, akatoka wakati chombo kimeshageuka kurudi joshini, hukisukuma kule kule kinakokwenda, na mtikisiko hukua. Nguvu ni ile ile, lakini sasa inaongeza nishati badala ya kuiondoa.

Wahandisi wanaotuliza minara, madaraja na mikono ya roboti hufuata kanuni hiyo: nguvu iondoe nishati, isiiongeze. Nguvu inayopinga umbali ambao kitu kimepinda hukiongezea ukakamavu tu: kitatikisika haraka zaidi, lakini hakitatulia. Inayotuliza ni ile inayopinga kasi.

Mahali pa kupimia napo pana uzito wake. Umbo linalonyumbuka hutikisika kwa namna nyingi kwa pamoja; ncha moja inaweza kwenda kulia huku nyingine ikienda kushoto. Ukipima huku na kusukuma kule, unaweza kutuliza namna moja na kuchochea nyingine. Ukipima kasi na kuipinga pale pale, bila kuchelewa, unaondoa nishati katika kila namna inayofika hapo. Mkono wa nahodha una sifa hiyo: unauhisi mvuto na kuujibu kwenye kamba moja.

Mwaka 1989, jengo la ghorofa 11 la Kyobashi Seiwa, Tokyo, liliwekewa juu yake uzito unaosukumwa na mashine kwa amri ya kompyuta, ili kupunguza mtikisiko wa upepo na matetemeko yasiyo makubwa. London iliona upande wa pili wa mrejesho Juni 2000. Daraja la Milenia lilipoanza kuyumba, wapita njia walirekebisha hatua zao wasianguke, na hatua hizo zikazidi kuliyumbisha. Lilifungwa siku mbili baada ya kufunguliwa. Mwaka 2002 lilirudi likiwa na vifaa vya kunyonya mtikisiko visivyohitaji kompyuta wala umeme.

Anayesimamisha mnara au gati Pemba aanze na kinga isiyohitaji umeme. Akiongeza vihisi na mashine, aviweke mahali pamoja na apime ucheleweshaji kabla ya kuongeza nguvu. Mashine kubwa inayochelewa inaweza kuwa hatari kuliko kutokuwa na mashine kabisa.