Unene wa Sauti na Upana wa Muziki Wetu

Muziki hupimwa kwa sikio, lakini sikio nalo lina mazoea yake, na mazoea hayo huweza kulishwa kitu chema au kitu hafifu. Katika studio za leo imeenea kazi ya kuinenepesha sauti na kuipanua: mwimbaji mmoja husikika kama watatu, na kinanda kimoja huujaza ukumbi mzima. Wako wanaoishangilia kazi hii kuwa ni maendeleo, na wako wanaoilaani kuwa ni ulaghai. Kabla ya kuchagua upande, yafaa tuulize swali la msingi: unene wa sauti hutoka wapi?

Tuitazame taarabu ya asili ya Unguja. Katika vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, kilichoanza mwaka 1958, wapigaji wa fidla, akodioni, udi na kanuni huufuata wimbo mmoja, lakini hakuna wawili wanaoupiga sawasawa kabisa. Mmoja hutangulia kidogo, mwingine huchelewa. Mmoja huuremba wimbo, mwenzake huupitisha wazi. Tofauti hizo ndogo ndizo unene wenyewe. Na kwa kuwa kila mmoja ameketi mahali pake, huyu husikika kutoka kushoto na yule kutoka kulia. Huo ndio upana. Ndivyo ilivyo pia katika kwaya na katika kiitikio cha ngoma: makoo arobaini hayawi koo moja.

Mafundi wa mitambo walijifunza kuyaiga hayo hatua kwa hatua. Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza, Alan Blumlein, aliomba hataza ya njia ya kunasa sauti kwa mikondo miwili, ya kushoto na ya kulia. Mwaka 1966 Ken Townsend, fundi wa studio za EMI huko Abbey Road, London, alibuni namna ya kuirudufu sauti kwa kutumia tepu. Kabla ya hapo, waimbaji wa Beatles walipotaka sauti nene iliwabidi waimbe wimbo ule ule mara ya pili juu ya sauti yao ya kwanza. Siri ya mtambo ni nyepesi: nakala ikicheleweshwa kwa sehemu chache za mia ya sekunde, na mwendo wake ukiyumbishwa kidogo, sikio hudhani waimbaji ni wawili. Mwaka 1976 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa kisanduku cha CE-1, kilichofanya kazi ya jamaa na hiyo kwa umeme. Leo programu ya kompyuta huifanya kwa kubonyeza kidole.

Hila hii si dhambi. Ikitumiwa kama rangi ya ziada juu ya uimbaji ulio imara, hupendeza. Kasoro yake ni kwamba nakala haina fikra yake yenyewe. Mwimbaji akikosea, nakala hukosea pamoja naye. Akiishiwa na hisia, nayo huishiwa. Ni kama shairi ambalo kibwagizo chake hukiitikia mtunzi peke yake: maneno ni yale yale, lakini hadhira haimo.

Miaka ya 1990, taarabu ya kisasa ilipoenea, kinanda cha umeme kilishika nafasi ya safu ya fidla katika vikundi vingi. Gharama zilipungua, safari zikawa nyepesi, nyimbo zikawafikia wengi. Faida hizo hazibezwi. Hata hivyo, safu ya fidla ilikuwa pia darasa. Kijana aliyeketi karibu na mkubwa wake alijifunza kwa kumfuata. Kinanda kikitoa sauti ya fidla kumi, masikio hupata fidla kumi, na taifa halipati mpigaji hata mmoja.

Liko pia jambo la kiufundi ambalo mwanafunzi wa fizikia atalielewa. Njia mojawapo ya kupanua sauti ni kuligeuza wimbi kinyume katika upande mmoja. Kwenye spika mbili husikika pana ajabu. Lakini pande hizo zikichanganywa katika spika moja, kama ilivyo katika redio ndogo na simu nyingi za bei nafuu, kilele cha wimbi moja hukutana na bonde la jingine, na sauti hunywea. Kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua. Linganisha na rekodi za bendi za dansi zilizofanywa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970, nyingi zikiwa za mkondo mmoja tu. Katika spika moja bado utalitambua gitaa la solo, la ridhimu na la besi, kwa kuwa kila moja limepewa kazi yake. Upana wake umo katika utunzi.

Basi mwalimu awasikilizishe wanafunzi wimbo kwa spika moja, kisha awaulize: mmesikia watu wangapi, na kila mmoja anasema nini? Wakizoea kujibu swali hilo, hawatadanganywa na ukubwa wa sauti, wala hawataichukia mashine bure. Watadai kwanza wapigaji na watunzi, ndipo mitambo iwasaidie hao.