Mkia wa Meg: Uhakiki wa Mchongo wa "Tam o' Shanter" katika Sanamu ya Burns, Ayr

Ni rahisi kuupima mchongo uliotokana na shairi kwa kigezo cha uaminifu: je, mchongaji ameonyesha alichosimulia mtunzi? Sehemu hii inadai kuwa kigezo hicho hakitoshi. Mfano unaotumika ni bamba la shaba kwenye msingi wa sanamu ya Robert Burns mjini Ayr, Uskoti, iliyobuniwa na George Lawson na kuzinduliwa mwaka 1891.

Shairi lenyewe, lililochapishwa mwaka 1791, linasimulia habari za Tam, mlevi anayerejea nyumbani usiku wa tufani. Anawachungulia wachawi wakicheza katika gofu la kanisa la Alloway huku Ibilisi akiwapigia zumari, kisha anashindwa kujizuia na kumpaazia sauti ya sifa mchawi kijana, Nannie. Anafukuzwa. Wachawi hawawezi kuvuka maji yanayotiririka. Farasi wake jike, Meg, analiwahi daraja la mto Doon, lakini mkia unabaki mkononi mwa Nannie.

Bamba la Ayr limechagua daraja, na uteuzi huo una uzito kuliko tukio lenyewe. Katika mchongo wa aina hii umbo huinuka juu ya bamba bila kutengana nalo. Upande wake wa nyuma umeshikwa daima. Meg anayevutwa mkia ni, kwa maoni ya mtafiti, hali yenyewe ya mchongo huo. Katika shairi mkia hung'oka mara moja, na farasi akaokoka. Katika shaba hauishi kuvutwa. Hapa mchongaji amepata jambo ambalo mtunzi hakuwa nalo.

Kinachopotea ni sauti. Msimulizi wa Burns hucheka, humkumbusha Tam maonyo ya mkewe Kate, na mwishoni huwaonya walevi kwa uzito ambao msomaji hashawishiki kuuamini. Bila kejeli hiyo kisa hugeuka kitisho tu, au, vibaya zaidi, mawaidha. Kate naye, ambaye ghadhabu yake inatajwa mapema kabisa, hana pa kukaa darajani.

Kwa mtafiti anayeandika akiwa Njiro, hasara hii si ngeni. Vinyago vya shetani vya Wamakonde huuzwa mjini Arusha kwa wageni bila ngano zake. Ila mtazamaji wa Ayr anaweza kulifungua shairi akalisoma. Mnunuzi wa Arusha huondoka na umbo, na simulizi hubaki kwa mchongaji ambaye hakuulizwa.