Boriti Ndiyo Iliyopanga Chumba

Nyumba ya mawe ya Lamu, ile ya karne ya 18, ilipambwa bila sofa, bila kabati la viatu na bila picha ya kutundika msumarini. Hata hivyo ukiingia katika ile iliyohifadhiwa mjini humo kama makumbusho ya nyumba ya Kiswahili, huhisi kwamba kuna kitu kimepungua. Pa kumpokea mgeni pamo, pa kumkalisha pamo, na cha kumtuliza macho kimo. Vyote vimejengwa pamoja na ukuta. Nataka kueleza walivyofanya, na maelezo yangu hayaanzii mlangoni wala kwenye nakshi. Yanaanzia juu, kwenye dari.

Dari ya nyumba hiyo hubebwa na boriti za mkoko, zilizopangwa kwa kukaribiana. Juu yake huja mawe bapa ya matumbawe, kisha tabaka nene la chokaa na kokoto lililopondwapondwa hadi likashikana. Ni mzigo mkubwa, na boriti haiwezi kuubeba kwa upana wowote unaoutaka. Ndiyo maana vyumba vya Lamu vina upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, hata katika nyumba ya tajiri. Urefu ni jambo jingine: kuta mbili zikisimama sambamba, fundi anaweza kuendelea kupanga boriti mpaka kiwanja kimwishie. Kinachopatikana ni vyumba virefu na vyembamba, vinavyofuatana kimoja nyuma ya kingine kuelekea ndani ya nyumba.

Sasa jiweke mahali pa mwenye chumba hicho. Ukiweka kiti kizito katikati, umeziba njia. Lazima makao yasogee kando, lazima vyombo viingie ukutani, na lazima pambo lako kuu likae mahali ambapo jicho litalifikia bila mwili kugongana na kitu. Hapo ndipo mapambo ya Lamu yalipozaliwa, katika ufinyu wa boriti.

Tuanze na pa kuingilia. Kutoka mtaani unapanda vidato na kujikuta kwenye daka, kibaraza kilichorudishwa ndani ya mstari wa ukuta, chenye paa lake na baraza za mawe kulia na kushoto. Mlango mkubwa uko mbele yako. Mwenye nyumba huweza kuketi hapa na jirani, kuafikiana bei na mchuuzi au kupokea ujumbe, na nyumba yake ikabaki imefungwa. Ukikaribishwa zaidi unaingia tekani, kijukumbi cha pili, na hapo njia hupinda. Kwa sababu ya kona hiyo, hata mlango ukiachwa wazi mchana kutwa, mpita njia haoni kiwanda, yaani ua wa ndani ambako watu wa nyumbani wanaendelea na shughuli zao. Katika nyumba nyingi ngazi hupanda kutoka sehemu hii ya mbele hadi sabule, chumba cha mgeni, kwa hiyo mfanyabiashara aliyekuja na msimu wa pepo aliweza kulala chini ya paa la mwenyeji wake bila kukatiza uani.

Huo ni upangaji wa akili nyingi. Kila mgeni hufika kiasi chake, na hakuna anayehitaji kuambiwa aishie wapi. Linganisha na nyumba nyingi tunazojenga sasa Mombasa au Dar es Salaam, ambazo mlango ukifunguliwa tu anayebisha hodi anaona televisheni, meza ya chakula na mlango wa chumba cha kulala kwa mtazamo mmoja. Halafu tunalalamika kwamba viatu vimezagaa na wageni hawana pa kusubiri. Mita 1 na nusu ya nafasi, benchi la saruji chini ya dirisha, na kabati au ukuta mfupi wa kulazimisha njia ipinde, vingetosha kuponya sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Mlango wenyewe una ufundi wake. Ni wa mbao mbili, na mfaa, ule mhimili wa katikati wenye nakshi, umepigiliwa kwenye ubao mmoja tu, ukiufunika mwanya na kuingia juu ya ubao wa pili kwa nje. Kwa kuwa mbao hufunguka kuelekea ndani, ule usio na mfaa lazima utangulie kufunguka na uwe wa mwisho kufungwa. Nakshi imewekwa kwenye fremu, kwenye kizingiti cha juu na kwenye mfaa, na mbao zenyewe mara nyingi zikaachwa bila mapambo mengi. Unguja ya karne ya 19 iliongeza ukubwa na vichwa vya shaba, na milango ile inastahili sifa zake. Mimi bado naupendelea wa Lamu, kwa sababu haujaribu kusema mambo mengi kwa pamoja.

Kuhusu makao, baraza ndiyo inayonivutia kuliko yote. Ni tuta la mawe lililopigwa lipu ya chokaa, halina mguu wa kuvunjika wala kitambaa cha kuchafuka, na joto linapokuwa kali hubaki baridi. Watu wawili watachezea bao juu yake, mwingine atajinyoosha baada ya adhuhuri, mzigo utashushwa hapo kabla ya kuingizwa. Katika Mji Mkongwe wa Unguja baraza za nje hufanya kazi ya ziada: masika yakifurika vichochoroni, ndizo njia za kupitia. Ndani ya nyumba ya Lamu kazi ya makao hupokewa na sakafu. Kutoka kiwandani unapanda kidato kuingia msana wa tini, kile chumba kirefu cha kwanza, kidato kingine hadi msana wa yuu, cha pili, na kingine hadi ndani, chumba cha mwisho. Mkeka wa miyaa hutandikwa watu wanapokuja, hukunjwa wanapoondoka, na chumba kile kile kikawa cha kulia, cha kusomea na cha kulala. Ncha za misana zilitundikwa mapazia, kitanda kikawekwa nyuma yake. Kiti cha enzi, kile cha mbao nyeusi chenye vipande vya mfupa au pembe na kamba zilizosukwa, kilikuwa cha heshima ya mgeni mkubwa.

Nimefika kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na hapa naomba msomaji atembee taratibu. Kuta za mtaani zina matundu machache sana, kwa hiyo mwanga wa nyumba hutoka kiwandani. Unavuka msana wa kwanza, unavuka wa pili, na kila hatua mwanga unapungua. Ukifika ndani ni hafifu. Mafundi wangeweza kuchonga pambo lao kuu karibu na ua, mahali penye mwanga tele. Badala yake waliliweka mwisho kabisa, kwenye ukuta unaoutazama mwanga uso kwa uso: safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa, kingo zake zimechongwa kabla lipu haijakauka sawasawa, na ukuta mzima ni mweupe. Weupe huo hukusanya mwanga kidogo uliobaki na kuurudisha chumbani. Vina vya vishubaka hushika vivuli, na ndani yake vyombo vya kaure kutoka China hung'aa kwa nyuso zake laini. Ukisimama kiwandani na kutazama ndani, macho hupita vyumba vyote vyembamba mpaka kwenye ukuta huo, na ule ufinyu uliokuwa kero unageuka kuwa kina.

Michoro ya Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyechapisha utafiti wake wa mji wa Lamu mwaka 1975, husaidia sana kuuona mpangilio huu. Linda Donley, aliyezichunguza nyumba hizo baadaye, aliongeza kwamba zidaka na vyombo vyake vilihusiana na kinga dhidi ya husuda, kwani sehemu hizi za ndani ndizo za kujifungulia na kuoshea maiti. Wala mapambo ya aina hii hayakuwa ya Lamu peke yake: makaburi ya nguzo ya Kunduchi yalipachikwa bakuli za Kichina, na magofu ya Songo Mnara yana vishubaka vya karne nyingi kabla ya nyumba tunazozizungumzia.

Leo zidaka zimerudi kwa fahari katika hoteli na nyumba mpya za pwani, na nyingi zimekosewa kwa namna ile ile. Hujengwa kwenye ukuta wenye dirisha kando yake, mwanga ukazipita ubavuni, kisha kila kishubaka kikatiwa taa ili kirudishiwe uhai. Kosa la pili ni unene. Ukuta wa matumbawe una nusu mita hivi, lakini wa matofali ya saruji ya inchi 6 ukichimbwa unabaki ganda. Afadhali kuongeza ukuta wa pili mwembamba mbele ya ule wa kwanza, kwenye upande unaotazama mlango wa ua au veranda, na kupoteza sentimita 25 za chumba.

Na kwa anayekarabati nyumba ya kale: saruji isiguse lipu yake. Matumbawe yana chumvi na unyevu unaohitaji kupumua, na saruji huvifungia mpaka lipu inavimba na kubanduka. Chokaa ndiyo dawa, ila nayo ina tahadhari yake. Mipako ikirundikana mwaka baada ya mwaka, kingo za zidaka hujaa na vivuli hupotea, kwa hiyo fundi makini hukwangua kwanza, kishubaka kwa kishubaka, kabla ya kuchovya brashi.